Atupele na Mayai Saba ya Madoa

Atupele alikuwa na miaka sita na sweta moja jekundu. Aliishi Tukuyu, kwenye baridi, migomba na mvua nyingi.

Alikuwa mtoto wa kujaribu mambo.

Aliweka sukari kwenye kikombe cha maji. Akakoroga. Koro, koro, koro! Sukari ikapotea.

Akaonja. Kumbe bado imo!

Alisaga majani ya maboga juu ya jiwe. Akapata rangi ya kijani. Akasaga udongo. Akapata rangi nyekundu.

Akachora ng'ombe kwenye ukuta wa jikoni. Ng'ombe wa kijani, mwenye pembe nyekundu.

Mama alimtazama ng'ombe yule. Akacheka. "Afadhali huyu," akasema. "Hahitaji kukatiwa majani."

Kila asubuhi Atupele aliamka na jambo jipya kichwani. Na kila mara alisema hivi:

"Itakuwaje? Ngoja nijaribu!"

Atupele alikuwa na dada. Dada yake aliitwa Tumpe. Tumpe alikuwa na miaka kumi, na alikuwa na kuku.

Kuku huyo alikuwa wake mwenyewe. Wakati wa likizo, Tumpe alimsaidia shangazi kubeba mtoto. Alimbeba kila siku, mpaka likizo ikaisha. Shangazi akamwambia, "Asante, mwanangu. Chukua kuku huyu."

Kuku alikuwa mweusi, mwenye madoa meupe. Tumpe akamwita Madoa.

Madoa akataga yai. Akataga jingine. Na jingine. Akataga mayai saba!

Tumpe akachukua penseli. Akayaandika majina, polepole, yasipasuke.

Jumamosi. Jumapili. Jumatatu. Jumanne. Jumatano. Alhamisi. Ijumaa.

"Kila siku ya wiki itakuwa na kifaranga wake," akasema Tumpe.

Madoa akapanda kwenye kikapu chake. Akatandaza mabawa. Akayafunika mayai yote saba.

"Kruu," akasema Madoa. "Kruu, kruu."

Wiki moja ikapita. Mama akasema, "Njooni. Leo tutachungulia."

Wakaingia stoo. Mlango ukafungwa. Giza! Mama akawasha tochi, akaliweka yai juu ya mwanga wake.

Yai likawaka kama taa ndogo.

Ndani palikuwa na nukta nyeusi. Palikuwa na mishipa midogo myekundu, kama mizizi. Halafu ile nukta ikacheza!

"Anacheza!" akanong'ona Atupele.

"Moyo wake unapiga," akasema Mama.

Wakamulika mayai yote. Jumamosi alikuwa mzima. Jumapili mzima. Wote saba walikuwa wazima.

Tumpe akaruka-ruka kwa furaha.

"Bado wiki mbili," akasema Mama. "Sasa wanahitaji joto tu."

Joto tu.

Maneno hayo yakamkaa Atupele kichwani. Joto tu? Mbona jua lina joto? Majivu ya jikoni yana joto. Na sweta langu jekundu, je?

"Itakuwaje?" akasema Atupele. "Ngoja nijaribu!"

Kesho yake asubuhi, Mama na Tumpe walikwenda mtoni kufua nguo. Atupele akabaki anacheza uani.

Madoa akashuka kwenye kikapu. Akaenda kula mahindi. Ko-ko-ko, kwa haraka haraka.

Atupele akaingia mbio. Akachukua yai la Jumanne. Akachukua la Alhamisi. Akachukua la Ijumaa.

Pale kwenye kikapu pakabaki nafasi tatu.

Atupele akaokota mawe matatu ya mviringo. Akayaweka katikati ya mayai.

Madoa akarudi. Akageuza kichwa huku. Akageuza kichwa kule. Kisha akakaa.

"Kruu, kruu."

Yule Jumanne, Atupele alimweka juani, juu ya jiwe kubwa nyuma ya nyumba.

Yule Alhamisi, alimfukia kwenye majivu ya uvuguvugu, pembeni ya mafiga.

Yule Ijumaa, alimkunjia ndani ya sweta jekundu. Akamficha stoo, nyuma ya gunia la maharage.

"Jua likifika juu ya paa, nitawarudisha," akasema Atupele.

Alisema kweli. Alitaka kuwarudisha.

Lakini kabla jua halijafika juu ya paa, Mama akarudi na Tumpe. "Atu, vaa viatu! Shangazi anatuita. Twende."

Atupele akafungua mdomo. Akamtazama Madoa, aliyelalia mayai manne na mawe matatu. Akafunga mdomo.

"Na sweta lako liko wapi?" akauliza Mama.

"Sisikii baridi," akasema Atupele.

Huo ulikuwa uongo. Baridi ilikuwepo. Njia nzima aliisikia mikononi.

Kwa shangazi palikuwa na ndizi za kuchoma. Palikuwa na mtoto mdogo wa kuchekesha. Atupele akacheza. Akacheza, akasahau.

Kisha mvua ikaanza. Ta, ta, ta! Ta-ta-ta-ta-ta!

Ilinyesha mpaka jioni. Walipoondoka, Mama alimbeba Atupele mgongoni. Atupele akalala palepale mgongoni.

Hakuwarudisha.

Alipofungua macho ilikuwa asubuhi. Alitazama dari. Halafu akakumbuka.

"Mayai!"

Akakimbia nyuma ya nyumba, bila viatu. Jumanne alikuwa juu ya jiwe, katikati ya maji ya mvua. Atupele akamshika. Alikuwa baridi.

Akakimbia jikoni. Jana jioni Tumpe alikuwa amewasha moto mkubwa, akaongeza kuni. Atupele akafukua majivu. Alhamisi alikuwa wa moto. Wa moto sana, mpaka Atupele akapuliza vidole.

Akakimbia stoo. Sweta lilikuwa palepale, limekunjwa vizuri. Atupele akalikunjua. Akamweka Ijumaa shavuni.

Baridi.

"Amka," akanong'ona Atupele. "Tafadhali, amka."

Akayabeba mayai yote matatu mpaka kwenye kikapu. Akapitisha mkono chini ya Madoa ili ayatoe mawe. Madoa akamdonoa. Nyo!

Atupele hakulia. Alikuwa ameyashika mawe, na mawe yalikuwa na joto.

Usiku mzima Madoa aliyafunika. Mawe yalikuwa na joto. Mayai yalikuwa baridi.

Atupele akayarudisha mayai. Akayatupa mawe kwenye migomba. Hakumwambia mtu.

"Labda wataamka," akasema moyoni. "Labda."

Siku hiyo Atupele hakusaga majani. Hakukoroga sukari.

Kesho yake akamtazama Madoa kwa mbali. "Labda wataamka. Labda."

Uji ukapoa mbele yake.

"Atu, unaumwa?" akauliza Mama.

"Hapana."

"Leo hujaribu chochote?"

"Hapana, Mama."

Keshokutwa yake pia. "Labda," akasema Atupele. Lakini ile labda ilikuwa imekuwa ndogo sana.

Wiki ikaisha. Mama akachukua tochi. "Njooni, tuchungulie tena."

Tumpe akatangulia mbio. Atupele akaja nyuma, hatua moja, hatua moja.

Mlango ukafungwa. Tochi ikawaka.

Jumamosi alikuwa mkubwa sasa. Alijaza nusu ya yai. Akapiga teke!

Jumapili akapiga teke. Jumatatu akajinyoosha.

Mama akamweka Jumanne juu ya mwanga. Wakasubiri. Wakasubiri tena.

Hakuna kilichocheza.

"Labda amelala," akasema Tumpe.

Mama akatikisa kichwa. Akamweka kando.

Jumatano akapiga teke. Alhamisi, kimya. Ijumaa, kimya.

Mayai matatu yalikuwa kando. Tumpe akayatazama.

"Lakini walikuwa wazima! Niliwaona! Mioyo yao ilikuwa inapiga!"

"Pengine kuku aliyaacha yakapoa," akasema Mama. "Wengine hufanya hivyo."

Tumpe akatoka stoo kwa hasira. Akasimama mbele ya Madoa.

"Umewaacha!" akapiga kelele. "Kuku gani wewe? Sikutaki! Nitakurudisha kwa shangazi!"

Madoa akapepesa macho. "Kruu," akasema. "Kruu."

Atupele akamtazama Madoa. Madoa alikuwa amekonda. Hakucheza mavumbini kama kuku wengine. Hakuzurura kwa jirani. Alikaa tu, akayalalia mayai. Alilalia hata mawe.

"Siyo Madoa," akasema Atupele.

Sauti yake ilikuwa ndogo. Tumpe hakusikia.

"Siyo Madoa, dada! Ni mimi!"

Tumpe akageuka. Mama akaja mlangoni.

Atupele akasema yote. Akasema jua. Akasema majivu. Akasema sweta. Akasema na mvua.

"Nilitaka kuona itakuwaje," akasema. "Nilitaka kuwarudisha. Nikasahau."

"Na Madoa hakujua?" akauliza Tumpe.

Hapo palikuwa pagumu kuliko pote. Atupele akatazama vidole vya miguu yake.

"Nilimwekea mawe."

Tumpe akaweka mikono usoni. Akalia.

"Nisamehe, dada."

"Leo usiniite dada," akasema Tumpe.

Mama akakaa kizingitini. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele.

"Mbona hukuniuliza, Atu?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa," akasema Mama. "Ndiyo. Ningekataa."

Atupele akamsogelea. "Sasa tufanyeje, Mama? Tukiwawekea joto jingi? Tukiwapa na blanketi?"

Mama akamshika mkono. "Hawatarudi, mwanangu."

Atupele akalia mpaka kwikwi zikamshika. Hik. Hik. Mama akakaa naye mpaka zikaisha.

Jioni wakaenda kwenye migomba. Tumpe akachimba shimo. Atupele akabeba mayai.

"Jumanne," akasoma Tumpe.

"Alhamisi."

"Ijumaa."

Udongo ukawafunika. Tumpe akarudi ndani peke yake.

Siku ya kwanza Tumpe hakusema na Atupele. Siku ya pili hakusema naye. Alimpa kikombe bila neno. Alimpa kijiko bila neno.

Siku ya tatu Atupele alikaa karibu na moto, amevaa sweta lake. Alikuwa anafikiri.

"Mama," akasema, "yale makopo matatu ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Naomba niyatumie. Nataka kujaribu kitu. Ni kwa maji tu."

Mama akamtazama. Akafurahi kidogo, lakini hakucheka. "Kipi hicho?"

Atupele akaeleza. Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akamimina maji ya moto kwenye makopo. Shhhh!

"Ya moto nashika mimi," akasema Mama. "Wewe niambie niyaweke wapi."

Kopo la kwanza likabaki wazi. La pili wakalizungushia majani ya mgomba. La tatu Atupele akavua sweta, wakalifunga nalo.

Wakasubiri. Atupele akafagia uwanja. Fyagu, fyagu, fyagu.

Akagusa makopo. La wazi lilikuwa limepoa. La majani lilikuwa vuguvugu. La sweta bado lilikuwa na joto!

"Sweta limeshinda!" akasema.

Wakasubiri tena. Atupele akachambua maharage. Tik, tik, tik.

Akagusa tena. La majani lilikuwa limepoa. La sweta lilikuwa vuguvugu.

Wakasubiri mpaka jua likageuka. Atupele akagusa mara ya mwisho.

Yote yalikuwa baridi. Hata la sweta.

Atupele akalivaa sweta lake. Kisha akaondoka, akamtafuta Tumpe. Tumpe alikuwa anamwekea Madoa maji.

"Naomba kumgusa Madoa," akasema Atupele. "Kidogo tu. Ukikataa, basi."

Tumpe akaweka chini chombo cha maji.

"Taratibu," akasema.

Hilo lilikuwa neno la kwanza katika siku tatu.

Tumpe akamshika Madoa kichwa, asidonoe. Atupele akapitisha mkono chini ya manyoya.

Joto! Joto jingi, laini, kama uji ulioiva.

"Kopo limepoa," akasema Atupele. "Hata sweta limepoa. Madoa hapoi."

"Ni kwa sababu yu hai," akasema Tumpe.

"Joto linatoka kwake mwenyewe. Sweta halitengenezi joto, linashika tu la mtu. Mimi sikujua." Machozi yakamjaa tena Atupele. "Ningejaribu kwa maji kwanza. Ningejua."

"Ndiyo," akasema Tumpe. "Ungejaribu kwa maji kwanza."

Hakusema "si kitu". Ilikuwa kitu. Wote wawili walijua.

Lakini Tumpe hakuondoka. Walikaa pale pamoja, wakimtazama Madoa anakunywa maji.

Siku chache zikapita. Asubuhi moja, kabla ya uji, ikasikika sauti.

Tok.

Tumpe akasimama. Atupele akasimama.

Tok, tok. Tok!

Yai la Jumapili lilikuwa na tundu. Kwenye tundu palikuwa na mdomo mdogo.

"Piii!"

"Mama! Mama! Wanakuja!"

Akatoka Jumapili, amelowa, amechoka. Akatoka Jumatatu. Akatoka Jumamosi, anayumba kama mlevi. Baadaye sana, akatoka Jumatano.

"Pi, pi, pi! Pi, pi, pi!"

Wakakauka. Wakavimba manyoya. Wakawa viduara vinne vyenye miguu.

"Mmoja," akahesabu Atupele. "Wawili. Watatu. Wanne."

Akaacha hapo. Kidole chake kikabaki hewani, kisha akakishusha.

Tumpe alimwona. Akamchukua Jumatano, yule mdogo wa mwisho.

"Kinga mikono," akasema Tumpe.

"Mimi?"

"Wewe. Usimbane."

Atupele akakinga mikono. Jumatano akakaa ndani yake. Alikuwa mwepesi kama hewa. Kifuani mwake kitu kilikuwa kinagonga haraka haraka. Tu-tu-tu-tu-tu.

Atupele hakusogea. Hakukohoa. Alimshika mpaka Madoa akamwita mwanawe. Kisha akamrudisha palepale alipotoka.

Jioni Madoa akawakusanya watoto wake wote. Mmoja akaingia chini ya bawa hili. Mwingine chini ya bawa lile. Kikapu kikatulia.

Atupele na Tumpe walinawa miguu, wakapanda kitandani. Walilala kitanda kimoja, Tumpe ukutani, Atupele pembeni.

"Dada," akasema Atupele.

"Mm."

"Bado una hasira?"

Tumpe akafikiri. "Kidogo."

"Kidogo kama nini?"

"Kidogo kama Jumatano."

Atupele akashtuka. "Lakini Jumatano atakua! Atakuwa jogoo mkubwa!"

Tumpe akacheka gizani. Hakutaka kucheka, lakini alicheka.

"Hii haitakua," akasema.

"Mimi bado nawafikiria wale watatu," akasema Atupele.

"Na mimi pia."

Tumpe akavuta blanketi. Akamfunika Atupele mpaka mabegani.

"Sogea huku," akasema. "Mbona miguu yako ni ya baridi hivi?"

Atupele akasogea. Miguu ikapata joto, kidogo kidogo. Macho yakawa mazito.

"Lala, mdogo wangu," akasema Tumpe.

Na Atupele akalala.